Miguu Baridi Chini ya Tete

Jioni ile Mookho alitoka na gunia kwenda kuokota samadi kavu, kwa sababu jiko lilikuwa linakufa na ndani ya nyumba ya tete kulikuwa na mtoto mchanga.

Ni kazi ya kawaida. Kila mwanamke wa Ha Phallang, kule juu kwenye milima ya Maluti, huifanya majira ya baridi. Unazunguka mazizi, unapindua samadi kwa ncha ya buti, iliyokauka unatia guniani, mbichi unaiacha. Lakini Mookho aliifanya kwa kuuma meno, maana vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. Kwanza ncha zinakuwa nyeupe, weupe wa mafuta ya kondoo yaliyoganda. Kisha weupe unapanda, na vidole vinakufa kabisa, hata ukivichoma sindano husikii kitu. Baadaye vinageuka bluu. Na damu inapoamua kurudi, inarudi na maumivu ya kumliza mtu mzima. Miguuni ni hivyo hivyo. Kule zahanati walimwambia damu yake ina uvivu wa kufika mwisho wa safari, wakampa vidonge, wakamwambia avae soksi. Soksi! Alikuwa amevaa soksi juu ya soksi ndani ya mabuti ya mpira, na bado alitembea kama mtu anayekanyagia magogo.

Mumewe, mtu wa migodini ng'ambo ya mpaka, alikuwa amemrudisha kwao kwa sababu hiyo hiyo, na wala hakuificha. Aliwaambia wenzake kwenye pombe ya mtama kwamba kulala na Mookho ni kulala na chura. Maneno hayo yalifika Ha Phallang kabla Mookho mwenyewe hajafika na sanduku lake.

Kichekesho ni kwamba miguu ile ile iliyomfukuzisha kwa mumewe ilikuwa hazina kijijini. Mwanamke akijifungua, tete la mtoni huchomekwa juu ya mlango wa nyumba yake, na kuanzia hapo si kila mtu anapita. Mwenye miguu ya moto hapiti. Aliyetoka safari ana miguu ya moto. Aliyetoka kitandani kwa mwanamume ana miguu ya moto, na mwenye mimba, na mjane ambaye bado hajavua nguo za msiba. Moto wao humkausha mtoto. Kwa hiyo kila tete lilipochomekwa, watu walisema, "Haya, mwiteni chura wetu," na Mookho akaitwa kuchota maji, kumwogesha mzazi, kumbeba mtoto. Walimsifu kwa ugonjwa wake. Alitabasamu, na moyoni alitamani awapige makofi kwa mikono ile ile.

Safari hii lakini tete lilikuwa la nyumbani kwao. Mdogo wake, Selloane, alikuwa amerudi kwao kuzaa, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Mimba mbili zilikuwa zimeshamtoka. Huyu wa tatu alikuja mzima, analia, ana nywele tele, na nyumba nzima ilitembea kwa kunyata kana kwamba kishindo kidogo tu kingemrudisha alikotoka. Mama yao, 'Mathabiso, alikuwa bado amevaa nguo nyeusi za kumlilia marehemu mumewe, hivyo hakuruhusiwa hata kuchungulia. Alibaki kulinda mlango. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, lakini mkono wake ulifanya kazi. Kila aliyetaka kuingia alivua viatu, akanyoosha mguu, naye 'Mathabiso akaushika. Ukiwa wa moto, rudi. Ukiwa baridi, pita.

Aliyepita alikuwa Mookho tu. Mtoto yule hakuwa na mikono mingine ya kumlea.

Mazizi ya karibu wenzake walikuwa wameshayamaliza. Mookho akapanda hadi zizi la juu, karibu na kibanda cha wachungaji kilichoachwa tangu mifugo ishushwe kabla ya theluji. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mlima. Gunia lilikuwa halijafika nusu.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza.

Mafuta ya kondoo. Si mabichi, si ya kukaangwa. Ni yale yaliyosahaulika kwenye kopo mpaka yakafanya manjano. Kisha akasikia sauti kutoka ndani ya kibanda...

Chwa. Chwa. Chwa.

"Nani huyo?" sauti ya kike ikauliza. "Njoo unishikie beseni, mwanangu. Mgongo wangu umekataa."

Mookho akachungulia. Bibi mmoja mnene alikuwa amepiga magoti sakafuni, blanketi limefungwa kifuani kwa pini kubwa. Uso wake uling'aa kwa jasho, katika baridi ile ya kupasua mawe. Mbele yake kulikuwa na tumbo la kondoo, zima, limevimba, limetoka kukatwa. Lilikuwa linafuka mvuke.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimechinja. Kijana wangu ameshuka na nyama, kaniachia uchafu huu niusafishe peke yangu. Vijana wa siku hizi, nyama wanaijua, kazi hawaijui."

Mookho akacheka, akaingia. Kumsaidia mtu anayechinja si jambo la kuuliza mara mbili. Alipoinama kushika beseni, yule bibi alimwona vidole.

"Uwii! Mikono gani hii? Umezaliwa nayo au umeazima kwa maiti?"

"Ndiyo yangu hiyo, bibi. Na miguu ni vile vile."

"Pole, mama. Mimi nina shida ya upande wa pili. Shika."

Akamkamata mkono kwa namna ya kusalimiana, na hakuachia. Kiganja chake kilikuwa cha moto na cha majimaji, laini kupita kiasi, kama ngozi ya kwato zilizochemshwa hadi zinataka kuachia mfupa. Lakini Mookho alihisi joto. Joto lilipanda mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, vidole vyake vilikunjika bila kuuma. Hakuuvuta mkono.

"Unaona?" yule bibi akasema. "Mjukuu wangu yuko ndani ya tete, sijamwona hata ukucha. Wananishika mguu, wananiambia bibi rudi, utamkausha. Damu yangu mwenyewe!"

"Hata mama yangu hivyo hivyo. Anakaa mlangoni tu, anasikiliza."

"Miguu kama yako ningeipata mimi, mwanangu, ningeshukuru."

"Ichukue, bibi!" Mookho akasema, anacheka. "Ichukue yote miwili, nami nitakushukuru zaidi."

Yule bibi hakucheka. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekubaliana bei sokoni.

"Basi vua mabuti," akanong'ona. "Vua upesi, hili tumbo halijapoa."

Dawa ile Mookho alishaisikia. Wazee waliorudi migodini na miguu mibovu walikuwa wakiitumbukiza ndani ya tumbo la mnyama aliyechinjwa sasa hivi, na waliapa inasaidia. Aliona kinyaa, ni kweli. Lakini mtu aliyekufa ganzi tangu utoto hachagui sana. Akavua mabuti. Akavua soksi. Miguu yake ilitoka myeupe, ina mabaka ya bluu, kidole gumba cha kulia hakina kucha kwa sababu baridi ya mwaka uliopita iliing'oa.

Yule bibi akapasua tumbo kwa ukucha. Si kwa kisu.

Harufu iliyotoka ilimfanya Mookho ageuze uso. Majani yaliyosagwa, nusu yameoza, nusu yamekuwa uji wa kijani, na chini yake kitu kitamu kitamu, harufu ya kidonda kilichofungwa kitambaa muda mrefu. Akaingiza mguu wa kwanza. Ute ukampanda hadi kwenye kifundo. Akaingiza wa pili.

Ee, lakini raha yake!

Ni aibu kuisema. Joto lilimwingia katikati ya vidole, likapanda kwenye goti, likafika tumboni, na Mookho akafumba macho na kuguna kama mtu anayekunwa mgongo. Uji ule mzito ulimiminika juu ya nyayo zake. Vipande vya majani vilimnata. Alitamani auzamishe mwili mzima humo ndani, na kichwa.

Ndipo kitu kikamshika kidole gumba.

Kilikuwa laini. Kilikuwa na maji. Hakikuwa na meno, kilikuwa na fizi tu, na nyuma ya fizi ulimi mdogo ukazunguka mara moja na kutulia.

Kikaanza kunyonya.

Chwa. Chwa. Chwa.

Mookho akafumbua macho. Yule bibi alikuwa amekaa mbali, amejiegemeza ukutani, mikono yote miwili iko mapajani. Hakuna aliyeshika lile tumbo. Na lilikuwa linapanda na kushuka lenyewe, polepole.

"Tulia," yule bibi akanong'ona. "Anamalizia."

Mookho alipiga ukelele. Alichomoa miguu kwa nguvu, ute ukavutika na kukatika, akatoka mbio bila mabuti, bila gunia, akateremka mlima anakanyaga barafu na mawe. Alikuwa karibu na kijito alipotambua kwamba hasikii baridi.

Akasimama. Akajigusa. Mikono yake ilikuwa ya moto. Miguu yake ilikuwa myekundu, minene, inafuka mvuke, na pale aliposimama barafu ilikuwa inayeyuka. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifurahi. Alijishika mashavu kwa viganja vyake na machozi yakamtoka kwa utamu wa lile joto.

Halafu akamkumbuka mtoto.

Miguu ya moto! Nani sasa atapita chini ya tete? Nani atamwogesha Selloane, nani atambeba yule aliyengojwa kwa vilio viwili? Mookho akaivamia barafu ya kijitoni, akaivunja kwa kisigino, akaingia maji ya kukata mifupa. Alijisugua kwa mchanga. Ule ute wa kijani ulitoka, lakini kulibaki utando wa mafuta uliong'ang'ania ngozi, na kila alipousugua ulitoa harufu ile ile. Maji yalimzunguka miguuni na kuwa vuguvugu. Akaendelea kusugua. Mchanga ukamtoa damu, na damu yenyewe ilikuwa ya moto. Giza likaanza kutanda, naye yumo tu majini, anajichubua na kulia. Miguu haikupoa hata kidogo.

Hatimaye akapiga moyo konde. Atamwambia mama ukweli. Watamtafuta shangazi yao wa bonde la pili aje kulea. Watamcheka, basi wamcheke.

'Mathabiso alikuwa amekaa mahali pake, kando ya mlango, mgongo umeegemea ukuta. Ndani ya nyumba ya tete taa ya mafuta ilikuwa inawaka. Mtoto hakuwa analia.

"Mama," Mookho akaita kwa sauti ya chini. "Usinikaripie. Kuna jambo nimelifanya."

Mama yake akageuza uso. "Nani huyo?"

"Mimi. Mookho."

"Usinitanie, wewe. Mookho yuko ndani."

"Mama, niko hapa."

"Nimekusikia ukija na mabuti yako yale, kwata, kwata. Umeyavua hapo. Nimekushika mguu kwa mkono wangu huu, baridi kama kawaida yako, nikakwambia pita mwanangu, mtoto analia." 'Mathabiso akakunjua kiganja chake. "Nimeushika mwenyewe. Kidole gumba hakina kucha."

Mookho akatazama chini. Mabuti yake yalikuwa mlangoni. Ndani yake kulikuwa na kitu cha majimaji, cha kijani.

Akainua mguu wake wa kulia kwenye mwanga wa taa. Kidole gumba kilikuwa na kucha. Nene, ya manjano, imejikunja.

Chwa, ikasikika kutoka ndani. Chwa. Chwa.

"Dada," sauti ya Selloane ikasema, nzito, ya mtu aliye nusu usingizini. "Ameacha kulia. Umemfanyaje hata ametulia hivyo?"



Mookho akajitupa mlangoni. Mama yake akamdaka mguu, na papo hapo akauachia kana kwamba ameshika sufuria jikoni.

"Mookho! Hii miguu ya nani?"

"Niache niingie!"

"Huingii! Utamuua mtoto. Ukiingia na moto huu utamuua!"

"Na nisipoingia, mama?"

'Mathabiso alijifunika uso kwa blanketi lake jeusi la ufiwa, akampisha.

Mookho akainama, akapita chini ya tete.

Nyumba ilinuka mafuta yaliyochacha. Selloane alikuwa amelala ameelekea ukutani, macho nusu wazi, anatabasamu bila kuona. Yule bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, myeupe yenye mabaka ya bluu. Miguu ya Mookho ndiyo ile, imeshonewa kwenye mapaja manene ya mtu mwingine. Mtoto alikuwa mapajani pake, kichwa kimening'inia. Na miguu ya mtoto haikuonekana. Yote miwili, hadi juu ya magoti, ilikuwa ndani ya kinywa cha yule bibi.

Hakuwa na meno. Midomo yake ilikuwa imevutika mpaka ikawa myembamba, na mashavu yaliingia na kutoka, yaliingia na kutoka. Mate ya kijani yalimchuruzika kidevuni na kumwagikia mtoto tumboni. Mtoto alikuwa hai bado. Vidole vya mikono yake vilikuwa vinafunguka na kufunga, na ncha zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe.

Weupe ule Mookho aliujua vizuri kuliko mtu yeyote duniani.

Yule bibi aliitoa ile miguu midogo kinywani, polepole, ikateleza nje kwa mlio. "Usisogee," akanong'ona, mate yanamtoka. "Umekuja na moto. Hatua moja zaidi na utamkausha. Toka nje, nami nikimaliza nitakurudishia mwili wake."

Mookho alihisi mtoto anavyohema kwa shida. Alihisi joto lake mwenyewe likiijaza nyumba, likipasua hewa. Kweli lilikuwa likimkausha. Midomo ya mtoto ilikuwa inachanika mbele ya macho yake.

Basi alifanya jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu kwa ukamilifu wake, na ukilisikia utaelewa kwa nini.

Alilala kifudifudi juu ya mkeka. Aliudaka mguu wa kulia wa yule bibi, ule uliokuwa mguu wake, usio na kucha. Akafungua mdomo, akauingiza.

Kilichochukuliwa kwa kinywa angekirudisha kwa kinywa. Njia nyingine hakuijua.

Ladha yake! Mafuta yaliyochacha, na ule uji wa tumboni uliokwama katikati ya vidole, na udongo wa zizi, na chini kabisa ule utamu wa kidonda. Ngozi ililegea ulimini mwake. Kipande kikabanduka, akakimeza kwa kuwa hakuthubutu kuachia ateme. Matapishi yakajaa mdomo, yakamtoka puani, naye akaendelea kunyonya kupitia matapishi yake mwenyewe. Yule bibi akaanza kupiga yowe jembamba, la kama birika linalochemka. Mookho akanyonya.

Na baridi ikaja.

Iligonga meno kwanza, hadi mzizi. Ikashuka kooni, ikatawanyika mikononi, na vidole vikafa kimoja kimoja, vikawa vyeupe, vikauma maumivu yale yale ya miaka yote. Aliyapokea kama ndugu waliopotea. Mguu wake wa kulia ukafa ganzi. Akautema ule wa kwanza, akanyoosha mkono wake uliokufa kuukamata wa pili...

Teke likampata kwenye taya. Taa ikaanguka na kuzimika. Gizani alisikia kitu kizito kikiinuka na kuondoka kwa kuchechemea, hatua moja kimya, hatua moja inalia tss, kama maji kwenye kaango. Nje mama yake akapiga kelele. Halafu mtoto akalia, kwa nguvu, kwa hasira, sauti ya mtoto mwenye afya tele, na Selloane akaamka akiuliza kuna nini, mbona kunanuka hivi.

Walipowasha taa, 'Mathabiso alikuwa amesimama mlangoni, kiganja chake kimefunguka. Alikuwa amenyoosha mkono kumzuia yule aliyetoka, akamshika mguu. Ngozi ya mguu ule ilikuwa imebaki mkononi mwake, nyembamba, ina unyevu, kama utando wa juu ya maziwa yaliyochemshwa. Hakuweza kuikung'uta. Ilibidi wamkwangue kwa kisu.

Kulipokucha wanaume walipanda hadi kibanda cha wachungaji. Hawakukuta damu, wala mfupa, wala ngozi ya kondoo. Walikuta gunia la Mookho, na kando yake tumbo kavu, gumu kama kiatu kizee, la mnyama aliyekufa miaka mingi iliyopita. Mmoja wao akalitikisa, likalia. Wakalipasua. Ndani kulikuwa na kucha ndogo ndogo, nyembamba, za miguu ya watoto wachanga. Zilijaa viganja vyake viwili, nyingine zikamwagika. Akazitupa, akaenda kutapika nyuma ya zizi, na hakuna aliyemcheka.

"Enzi za bibi yangu," 'Mathabiso alisema siku ile, akiwa ameloweka mkono kwenye maji ya majivu, "walikuwa wanashika miguu yote miwili. Nilidhani ni ushamba tu. Mmoja unatosha, nilisema. Nani ana mguu mmoja wa moto na mmoja wa baridi?"

Mookho alikuwa amekaa amekunja miguu chini ya blanketi.

Maana wa kushoto haukurudi. Ulibaki mnene, mwekundu, na kucha zake za manjano zilihitaji kukatwa kwa mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo. Hakumwonyesha mtu. Alisema taya linamuuma, anaumwa, shangazi aletwe. Shangazi akaja, akapumzika hadi miguu ikapoa, akashikwa mguu, akapita. Selloane, ambaye usiku ule hakuona kitu, alimwita dada yake kutoka ndani, siku baada ya siku, aje ambebe mtoto walau kidogo. Mookho hakwenda. Mwishowe Selloane akaacha kumwita, na alipoondoka kurudi kwa mumewe aliaga watu wote isipokuwa yeye. "Wivu," aliwaambia majirani. "Hana wake, hataki kumwona wangu." Maneno hayo yaliuma kuliko yale ya chura. Mookho angefanya nini? Angemwonyesha?

Na tangu hapo, tete lilipochomekwa popote kijijini na watu wakamwita, alikataa. Aliwaambia akina mama washike miguu yote miwili. Waliguna, wakamwuliza amejuaje, na kwa kuwa hangeweza kueleza bila kuuonyesha wake wa kushoto, waliendelea kushika mmoja. Huko nje kuna mtu anayetembea na mguu wa Mookho, baridi kama barafu, na atakapofika mlangoni atachagua mwenyewe upi wa kunyoosha.

Lakini si hilo lililomnyima Mookho amani.

Mvua zilipokaribia kwisha, Selloane alikuja kuwasalimu. Hasira zilikuwa zimepoa, akamletea dada yake nyama kavu na sabuni. Mtoto, waliyemwita Tebello, alikuwa mnono, anatambaa, fizi bado tupu. Waliketi wanawake peke yao nyumbani mwa 'Mathabiso, wanakunywa uji mchachu, wanachekana. Mookho alikuwa amesinzia kidogo ukutani, na blanketi lilikuwa limemteleza miguuni.

Tebello alitambaa kutoka kwa mama yake. Akaufikia mguu wa kulia, akaugusa, akaondoa mkono haraka. Akauzunguka. Akaufikia wa kushoto, akautazama, akacheka kwa furaha. Kisha akakishika kile kidole gumba kinene kwa mikono miwili, akakitia kinywani.

"Ona mwanao, Selloane, ana njaa huyo!" shangazi akasema, na wote wakaangua kicheko.

Mookho aliamka. Alisikia ule ulimi mdogo ukizunguka mara moja na kutulia. Akajiambia auvute mguu, auvute sasa hivi, kabla hajaanza. Joto likampanda polepole hadi kwenye goti, tamu, tamu sana, na macho yake yakajifumba.